Namba Katikati ya Wimbo

Kabla hujamcheka Harjit Singh, na wengi walimcheka, jua kwanza kwamba mzee huyu alikuwa amechoka kuibiwa. Duka lake la kanda na sidii lilikuwa nyuma ya soko kuu la Nakuru, na chumba cha ndani, alichokipigilia trei za mayai ukutani ili zimeze mwangwi, ndicho alichokiita studio. Kwa miaka ishirini aliwarekodi waimbaji wa bonde zima, wa kanisani na wa baani, na kila kanda ilikuwa mali ya kushikika: ukiitoa rafuni, rafu inabaki na pengo. Kisha zikaja simu za kurushiana nyimbo. Mmoja ananunua, kesho yake mtaa mzima unaimba, na rafu imejaa vilevile. Harjit alisema hajawahi kuona wizi wa namna ile, mwizi anaondoka na mali na mali inabaki dukani.

Aliyemsikiliza malalamiko hayo kila siku ni Wariara, mwanamke wa miaka ishirini na saba aliyesimamia kaunta tangu amalize shule. Alimkubalia. Mshahara wake ulitoka kwenye kanda hizohizo, naye hakuwa mjinga wa kukata tawi alilokalia.

Mwezi wa sita, 2007, akaja Cheptanui, mkulima wa Kuresoi mwenye sauti nzito na gita la kuazima. Alileta wimbo mmoja tu. Ulihusu mvua ya milimani, na mwanamke anayemgawia jirani mbegu ya viazi huku matope yamemfika magotini. Aliuimba kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu kule kwao kila boma lina lugha yake lakini kila boma lina viazi. Harjit aliposikia ubeti wa kwanza alivua miwani, na Wariara alijua maana yake. Mzee huyo hakuvua miwani kwa kitu cha kawaida.

Kizuri chajiuza, wanasema, lakini Harjit alijua kwamba siku hizi kizuri chajigawa. Akaapa kwamba wimbo huu hauibwi. Ataweka onyo ndani yake, na namba ya simu ya duka, ili atakayeupata bila kuununua apige alipe. Cheptanui akamwambia onyo likiwa mwanzoni vijana wa saiba watalikata kwa kompyuta. Basi, akasema Harjit, litakaa katikati kabisa, pale gita linapobaki peke yake. Mwenye kulikata ataukata wimbo kiunoni.

Kazi ya kulisoma akapewa Wariara. Mara ya kwanza alilisoma kama mtangazaji wa vifo redioni, na wimbo ukaanguka kifudifudi. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu, alipofika kwenye namba, ulimi wake ukakimbilia nyumbani bila kumwuliza.

Nyumbani ni Kuresoi vilevile, ng'ambo ya kilima cha kina Cheptanui. Mama yake, ambaye wote walimwita Mama Gachanja kwa jina la kifungua mimba aliyefariki mchanga, alikuwa mhesabu magunia. Lori la viazi likija, mabroka wa mjini hutaka gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kofia juu hadi likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia moja, na bado hujaribu kuruka hesabu. Mama Gachanja hakujua kusoma, lakini hakuna aliyewahi kumruka. Alisimama kando ya lori akiimba kila namba, akiivuta, akiishusha, na kila mwisho wa hesabu aliupandisha juu na kuipiga bodi ya lori kofi. Wapakiaji walitembea kwa mdundo wake. Wariara alilelewa ndani ya sauti hiyo. Kwa hiyo namba ya duka la Harjit, sifuri, saba, mbili-mbili, mpaka nane ya mwisho, ilitoka kama magunia yanayopanda lori, na ile nane akaipandisha juu kabisa na kupiga meza kofi. Gita la Cheptanui likampokea kana kwamba lilikuwa likimngoja.

 Harjit alikuwa amevua miwani tena.

Sasa hapa ndipo nikwambie jambo ambalo Wariara hakulisema kwa yeyote. Mwezi wa saba, kabla kanda hazijatoka, alipanda kwenda kumwona mama yake, na wimbo alikuwa nao kwenye simu yake kwa ajili ya kuusikiliza kama umekaa sawa. Mama Gachanja aliposikia mtoto wake akihesabu ndani ya gita, alikaa chini kwenye nyasi, akataka arudiwe, tena, tena. Kisha akaanza kulalamika. Hesabu gani hii, baada ya sifuri saba, baada ya saba mbili, na mbili yenyewe mara mbili? Mabroka watakumaliza, mami, akamwambia bintiye kwa jina lake la utotoni, unaruka magunia. Wariara alicheka hadi machozi, na kwa kucheka hakumweleza kwamba hayo si magunia.

Mama hakuwa na simu. Lakini jirani yake Jepleting alikuwa nayo, nzuri, aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya mvuke. Wariara akaurusha wimbo kwenye simu ya Jepleting ili mama ausikie akitaka. Alimwomba Jepleting asimpe mtu. Jepleting akakubali, kama watu wanavyokubali. Mama Gachanja ndiye aliyeshangaa.

"Asimpe mtu kwa nini?" akauliza. "Mbegu ya viazi jirani hauziwi, anapewa. Baridi ikiua shamba lako, mbegu yako iko kwake."

Wariara akamwambia wimbo si kiazi. Akarudi Nakuru.

Wiki mbili baadaye, kanda zikiwa bado kwenye makatoni, wimbo ulikuwa stendi, sokoni, kwa kinyozi. Watoto wa mtaani waliruka kamba kwa ile namba, na wakifika nane ya mwisho wote walipiga makofi. Harjit alisimama mlangoni mwa duka lake akisikiliza mali yake ikipita barabarani bila kumsalimia. Akanunua daftari lenye jalada jekundu, akaandika juu yake Daftari la Wezi, akaacha mstari wa kwanza wazi.

"Huu ni wa mwizi wa kwanza," akamwambia Wariara. "Yule aliyetoa kwa mkono wake. Siku za mwizi ni arobaini. Nikimjua, hata awe nani, hakanyagi hapa tena."

Wariara alifuta vumbi kaunta ambayo haikuwa na vumbi. Tangu siku hiyo, kila daftari lilipofunguliwa alitafuta kazi upande wa pili wa duka.

Siku moja alijaribu. Alimkumbusha mzee kwamba kila Jumapili kule hekaluni kwao Masingasinga hupika dengu na chapati na kumlisha yeyote anayeingia, bure, hata asiyemjua Mungu wao. Mbona chapati agawe na wimbo aunyime? Harjit hakukasirika. Alimjibu kwamba chapati ikiliwa imekwisha, kwa hiyo kesho lazima mtu akande nyingine. Wimbo ukiliwa haukwishi. Kitu kisichokwisha kisipowekewa mlango, nani atamlipa aliyekipika? Na kwa kweli, mwezi wa kumi Cheptanui alikuja dukani akasema kila anakopita anasikia sauti yake, ila kiatu chake ni kilekile. Wariara alikiangalia kile kiatu na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Ndivyo mwaka ulivyokwisha. Kisha kura zikapigwa, na yaliyofuata unayajua: jirani akamgeukia jirani kwa kabila lake. Kuresoi ilianza kuungua hata kabla ya matokeo. Siku ya mwisho ya mwaka, Wariara alimpigia Jepleting mara thelathini na saba na simu ikasema mteja hapatikani. Mtu aliyeteremka na lori la polisi alimwambia nyumba za upande ule zote zimekuwa majivu, watu wametawanyika kila mmoja njia yake. Mama Gachanja? Hajamwona. Namba ya Wariara ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ndani ya Biblia ya mama, na Biblia ilikuwa ndani ya nyumba.

Alimtafuta kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ambako maelfu walikuwa wameanza kukusanyika chini ya maturubai. Alipita hema kwa hema akitaja jina. Alimtafuta makanisani, na hospitalini, mpaka kule nyuma ambako mtu hupelekwa kutazama nyuso zilizofunikwa. Hakuwepo, na kila asipomkuta alishukuru na kuumia kwa pamoja. Jioni alirudi chumbani kwake na kukaa kitandani na viatu.

Duka lilifunguliwa tena wiki ya pili ya Januari, si kwa sababu kuna wa kununua. Harjit alisema kukaa nyumbani kunamtia wazimu. Simu ya duka, ile iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kaunta isiibwe, ililia saa nne asubuhi. Wariara akaipokea. Mwanamume mmoja, kwa sauti ya kunong'ona, akamwomba msamaha.

"Boss, ukweli ni kwamba ile ngoma sikununua," akasema. "Nilirushiwa. Lakini simu yangu iliungua na namba zote, na hii ndiyo number pekee niko nayo kwa kichwa. Niko Eldama Ravine, kanisani. Kuna mtu yeyote hapo Nakuru anaweza kumwambia bibi yangu niko hai?"

Wariara akanyakua kalamu. Aliandika jina lake na la mke wake kwenye kitu kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni daftari jekundu.

Kabla ya saa sita walikuwa wamepiga kumi na mmoja. Kesho yake waliacha kuwahesabu. Walipiga kutoka Molo, kutoka Olkaria, kutoka Narok, kutoka shule moja ng'ambo ya mpaka wa Uganda ambako Wariara hakujua hata kama wimbo unaweza kufika. Wengi hawakuwa na salio, waliazima simu wakabipu tu, na duka likawapigia. Watu waliokimbia usiku bila kiatu walikuwa wamekimbia na ile namba. Hawakujifunza namba hiyo kwa kutaka. Walikuwa wameiimba kuanzia Julai mpaka Desemba, wakilima, wakiosha vyombo, na sasa kila kitu kilipoungua, hiyo ndiyo iliyobaki. Na wote, wazee kwa vijana, walianza kwa kuungama kwamba hawakuununua wimbo.

Wariara aliogopa. Sijui neno jingine. Ilikuwa hofu ile ya mtu aliyeingia kanisani akidhani ni patupu akakuta watu wamejaa kimya. Sauti yake, iliyotoka kwenye chumba cha trei za mayai, ilikuwa imekaa ndani ya watu asiowajua, kwenye milima asiyowahi kuipanda, ikingoja. Harjit alikuwa ameuza kanda mia sita tu. Alisimama nyuma ya kaunta akilisikiliza bonde zima likimpigia simu, na miwani aliishika mkononi siku nzima.

Cheptanui akaja siku ya tatu, kwa miguu kutoka kwa shangazi yake, na kiatu kilekile. Hakuuliza kitu. Alivuta stuli akakaa. Waliopiga wakizungumza Kikalenjin alipokea yeye, Kikuyu na Kiswahili Wariara, na Harjit akaandika. Mwanamke anayetafutwa na mpigaji wa Cheptanui alikuwa mara nyingine ameshajiandikisha kwa Wariara kurasa mbili nyuma, nao wakawaunganisha, wakabaki kuwasikiliza watu wakilia. Wiki hiyo hiyo kadi za simu ziliadimika mjini kote. Harjit aliona salio linakwisha, akajua kesho hawatampigia mtu. Asubuhi akakuta ujumbe umejaa kwenye simu. Umetumiwa shilingi kumi. Umetumiwa shilingi tano. Umetumiwa ishirini. Wale walioungama jana walikuwa wamesambaza salio lao la mwisho ili mwingine apigiwe. Hakuna aliyewaomba. Mzee yule aliyekuwa amengoja nusu mwaka mtu mmoja apige alipe, alisoma ujumbe mmoja mmoja mpaka mwisho, kisha akaingia studio na kufunga mlango.

Kila simu ikilia, Wariara alidhani ni mama. Kila jina alilounganisha lilikuwa mama wa mtu mwingine. Alifurahi, wallahi alifurahi, lakini kuna furaha inayokwangua. Na alikuwa amemwelewa mama yake sasa, akajilaumu kwa kile kicheko cha Julai. Nusu ya nchi ilijua kwamba ile ni namba ya simu. Mama Gachanja peke yake ndiye aliyedhani ni magunia.

Mwisho wa Januari moto ukaingia Nakuru yenyewe. Kwa siku nne duka lilifungwa, na Harjit akaibeba simu hadi hekaluni, kamba na vyote, wakapokelea huko kati ya masufuria ya dengu na watu waliojaa hadi uani. Naivasha nayo ikaungua. Februari ikaanza. Simu zikapungua, kwa sababu waliopatikana walikuwa wamepatikana. Waliobaki daftarini walikuwa wachache, na Wariara alianza kuogopa kurasa zile kama mtu anavyoogopa kitanda cha mgonjwa.

Jumanne moja, wiki ya pili, saa tano asubuhi, Cheptanui alikuwa ametoka kununua maziwa. Simu ikalia. Wariara alikuwa akikanda chapati za hekaluni pale mezani, unga mikononi, basi Harjit akabonyeza ile sauti ya nje wote wasikie. Mwanamke mmoja akajitambulisha kwa jina la Nabalayo, mfanyakazi wa shamba la maua, wa Kamere kule ziwa Naivasha. Akaanza kama wote: wimbo hakuununua, alipewa na dereva wa lori la viazi. Tangu mwaka uanze hajausikiliza, akasema, nani alikuwa na moyo wa muziki? Dereva huyohuyo, Januari, alimletea mathe mmoja, mama mzee mgonjwa wa kifua aliyemwokota barabarani huko juu, naye Nabalayo akamweka chumbani kwake. Fujo zilipofika Naivasha, Nabalayo mwenyewe alikimbilia kituo cha polisi, na yule mathe, akikohoa, ndiye aliyebaki akimlindia chumba. Leo amerudi, kazini hajaenda, alikuwa anafua nguo, akaona aweke muziki kidogo.

"Sasa huyu mathe amesimama," Nabalayo akasema. "Alikuwa hawezi kusimama. Anasema hiyo sauti ni ya mtoto wake. Nikamwambia, mathe, hiyo ni number ya simu. Amenikatalia kabisa. Anasema ni magunia."

Wariara hakukumbuka kuiacha meza. Alijikuta tu ameishika simu kwa mikono miwili yenye unga. Upande wa pili kulikuwa na kikohozi, kisha sauti, nyembamba kuliko alivyoijua, ikisema kwa Kikuyu.

"Mami, bado unaruka hesabu."

Wariara alikaa chini sakafuni. Alitaka kusema mengi na kilichotoka ni kilio, na mama yake akamwacha alie, akimnyamazisha kama alivyomnyamazisha akiwa mtoto. Alipoweza kusikia tena, mama alikuwa anaendelea kusimulia. Jepleting ndiye aliyemficha ghalani usiku wa kwanza, alikuwa mzima, msisahau kumwulizia. Na ule wimbo, akasema mama, ule ulionitilia wewe kwa simu ya Jepleting, mwezi wa Julai, ukamkataza asimpe mtu. Ndio huu. Umetembea, mami. Umenikuta ziwani.

Sauti ya nje ilikuwa bado wazi, na Harjit alizaliwa Nakuru. Kikuyu alikijua tangu utotoni, cha sokoni, lakini kinatosha.

Mama alipokwisha kuagana, na Nabalayo kuwaelekeza nyumba, simu ikakatika. Wariara aliinuka. Alijifuta uso, akajipaka unga, akamtazama mzee moja kwa moja, kwa sababu siku zake arobaini zilikuwa zimepita na hakutaka nyingine hata moja.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Nilitoa kwa mkono wangu."

 Harjit alilivuta daftari jekundu, akaligeuza kurasa, waliopatikana, wanaotafutwa, waliofariki, mpaka ukurasa wa mbele na ule mstari mweupe uliomngoja mtu miezi saba. Alivua miwani, akaona haoni, akaivaa tena. Akaandika polepole kwa herufi kubwa, kisha akamgeuzia asome. *Wariara. Alimpa mama yake.*

Akamwambia anawe mikono, watakwenda Kamere na gari lake sasa hivi, Cheptanui akirudi atabaki na duka.

Wariara alikuwa ameshika bomba la maji simu ilipolia tena. Harjit alimtazama. Wariara akairudia kaunta, akaipokea kwa mikono yake myeupe kwa unga. Aliyepiga alikuwa kijana, mbali, na upepo mwingi, naye akaanza kwa aibu kueleza kwamba ule wimbo, kusema kweli, hakuununua.

"Hata mimi," Wariara akamwambia. "Sema. Unamtafuta nani?"